Ratili Mbili Zilizozidi

Karanga zikikaangwa, harufu yake hunifikia kabla ya sauti ya mwiko. Ile ngozi nyekundu inapoanza kuungua pembeni, mimi hutoka jikoni kwa kisingizio chochote: nimesahau nguo kwenye kamba, au nadhani kuna mtu anabisha mlangoni. Wajukuu wangu wanaamini kwamba karanga zinanidhuru, na mmoja huwaonya wageni kwa niaba yangu. Hazinidhuru hata kidogo. Zinanirudisha tu Tororo, kwenye kibanda chenye mizani, katika wiki moja ya mvua miaka michache kabla ya Uhuru, nilipokuwa na umri wa miaka kumi.

Baba yangu alikuwa mtunzaji wa uwanja wa ndege. Msifikirie uwanja kama wa siku hizi. Ulikuwa nyasi tupu zilizofyekwa, kibanda kimoja cha mabati, mlingoti wenye mfuko mrefu wa kitambaa wa kuonyesha upepo, na jiwe kubwa la Tororo limesimama ng'ambo. Ndege ndogo ilitua mara mbili kwa wiki ikitoka Entebbe kwenda Kisumu, kisha Mwanza na Tabora. Kazi ya Baba ilikuwa kufyeka nyasi, kufukuza ng'ombe wa watu, kupunga bendera, na kupima. Alipima kila kilichopanda: barua, masanduku na watu. Kibandani palikuwa na mizani ya kusimama, yenye uso mviringo kama saa na mshale mweusi, na kando yake daftari lililofungwa kwa kamba ili lisipotee. Wazungu wenye vyeo walivua kofia na kupanda juu ya mizani ile kama watoto wa shule, na Baba alisoma mshale kwa sauti. Nilishawahi kumwona akikataa kreti la bwana mmoja kwa sababu ya ratili tatu. Yule bwana aligeuka mwekundu, akasema maneno mengi. Baba alisubiri mpaka yakaisha, akasoma tena namba ile ile.

Jumapili baada ya misa alitupima sisi. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu. Aliandika namba kwa kalamu ya risasi kwenye mbao za kibanda, ngazi kwa ngazi, upande mmoja mimi, upande mwingine mdogo wangu Okoth. Jumapili ya wiki ninayoisimulia niliandikiwa sitini na moja.

Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu Baba alikuwa Mjopadhola wa Kisoko na Mama Msamia wa Busia, na hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Mama alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, dada yake Nabwire, ambaye mimi nilimwita Mama Mkubwa ingawa sikuwahi kumwona. Mama yao alifariki Mama akiwa bado ananyonya, na Nabwire, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyembeba mgongoni na kumlisha uji. Baadaye aliolewa na mtu wa reli akapelekwa Tabora. Kabla ya mvua za mwaka ule ilifika barua iliyoandikwa na mumewe. Macho ya Nabwire yalikuwa yanafunga. Daktari alisema jicho moja limekwisha, na la pili lina wiki chache, labda mwezi. Alikuwa anaomba kitu kimoja, amwone mdogo wake na watoto wake kwa lile lililobaki.

Kwa reli na meli tungechukua siku nyingi, na likizo ya Baba ilikuwa wiki mbili. Lakini kampuni ya ndege ilikuwa na desturi ya kumpa mtumishi wa muda mrefu nafasi ya kusafiri bure na watu wake, kwa viti vitakavyobaki wazi. Baba alikuwa ametazama ndege zikipaa kwa miaka kumi na mbili bila kuingia ndani ya hata moja. Aliandika maombi, akajibiwa ndiyo. Viti vinne, Jumanne, saa nne asubuhi.

Kijiji chote kilijua. Kuku wawili walichinjwa. Mama alikaanga karanga kwa siku mbili, kwa kuwa Nabwire aliziulizia katika kila barua, akisema za Tabora hazina mafuta. Mizigo iliyoruhusiwa ilikuwa midogo, basi Mama akashona mifuko mirefu myembamba ya kitambaa cha marekani, mfano wa mikanda, akaijaza karanga na kutufunga kiunoni chini ya nguo, kila mmoja wake. Alikuwa na hoja yake: kilichovaliwa si mzigo.

Bibi, mama yake Baba, alituaga kwa namna ya nyumba yetu. Tulitoka mmoja mmoja, naye akamwaga maji kizingitini nyuma yetu, akaufunga mlango kwa kisigino bila kutazama. Aliyeagwa hivyo haruhusiwi kurudi ndani mpaka afike aendako. Kurudi katikati ni kuiambia nyumba kwamba safari imekufa, na Bibi alisema nyumba ikiambiwa hivyo mara moja huzoea.

Jumanne ndege ilitua kwa wakati. Baba, akiwa amevaa suti ya kuazima na bado akifanya kazi yake, alianza kutupima. Mama alipopanda, mshale ulikwenda mbali. Baba akamtazama, akautazama mshale, kisha akainama na kumgonga kiunoni kwa kidole.

"Mama Athieno, hii nini tena?"

Athieno ndiye mimi. Mama akasema ni mwili. Baba akacheka mpaka akashika ukuta, akatuvua wote mikanda yetu na kuitia ndani ya kapu letu. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka wiki ile, maana rubani alishuka na kusema viti vyote vimejaa tangu Entebbe. Maofisa walikuwa wameongezwa asubuhi ile ile. Ndege ikaondoka na vumbi lake, sisi tukabaki tumesimama na nguo za Pasaka.

Kurudi nyumbani hatukuweza. Tulilala kibandani, juu ya magunia ya nyasi kavu, tukipikiwa na Bibi, ambaye alileta chungu mpaka ukingo wa uwanja, akakiweka chini na kuondoka bila kutusemesha, kwa kuwa kwake yeye tulikuwa tumeshasafiri. Wanawake waliokwenda sokoni walipita barabarani asubuhi na kutuona tukinawa uso.

"Mama Athieno," mmoja aliita, "kumbe Tabora iko karibu hivi? Mmekwenda na kurudi usiku mmoja?"

"Tuletee hata chumvi ya huko," mwingine akaongeza.

Mama aliwajibu kwamba Tabora wanasalimia sana. Lakini alipogeuka niliona anasugua uso wa Okoth kwa nguvu kuliko ulivyostahili.

Jumatano alikuja karani wa kampuni kutoka mjini, kwa baiskeli, na suruali yake imebanwa kwa vibanio vya nguo. Alisema kuna simu imeingia. "Ndege ya Ijumaa nakuja mbele. Nakuja kesho, saa tisa. Viti iko." Mama alimuuliza mara tatu kama ana hakika, naye kila mara alijibu kwamba simu ndivyo ilivyosema. Baba alimpa ujumbe wa kupeleka Tabora kwa waya ili watu watungoje.

Usiku ule mvua ilinyesha kama imekodiwa. Alhamisi mchana katikati ya uwanja palikuwa na dimbwi ambalo bata wa jirani walilikuta kabla yetu. Baba alilikagua akiwa na suruali iliyokunjwa magotini, akipima kina kwa kijiti, akirudi, akipima tena, kana kwamba maji yangemwonea huruma. Saa tisa tuliisikia ndege. Ikashuka, ikazunguka mara moja juu ya mabati, chini kiasi kwamba niliona mkono wa mtu dirishani. Baba akakimbia katikati ya nyasi na bendera nyekundu, akapunga. Ndiye peke yake aliyekuwa na idhini ya kuizuia isitue, na aliizuia. Mama alisimama mlangoni na Okoth mgongoni, akamtazama mumewe akiifukuza ndege iliyokuja kumchukua. Ilipopotea upande wa milima ya Osukuru, alikaa juu ya kapu.

"Hujui ingekuwaje kama wewe usingepunga," alimwambia baadaye.

"Najua," Baba akajibu. "Ingebaki hapa, imelala kifudifudi."

Jioni karani alirudi. Ndege ililala Kisumu, ingerudi Entebbe asubuhi na kupita tena Ijumaa mchana, uwanja ukikauka. Baada ya hapo hapangekuwa na kiti kwa wiki tatu. Likizo ya Baba ingekuwa imekwisha, na jicho la Mama Mkubwa pia. Karani aliyasema hayo akiangalia gurudumu la baiskeli yake.

Ijumaa jua lilitoka. Ndege ilitua ikirusha matope. Ndani mlikuwa na abiria na magunia ya barua, na mbele, kwenye kiti cha pili, sista mmoja mzee wa misheni aliyekuwa anakwenda Tabora. Rubani alipiga hesabu yake goti likiwa chini, akaangalia nyasi zilizolowa, akasema kwa ufupi. Kiti kimoja kipo, ila ardhi ni laini, na uzito uliobaki ni ratili sitini na tatu. Si moja zaidi.

Mama alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliniangalia. Ratili zangu zilikuwa zimeandikwa ukutani nyuma yangu.

Sista alisema atanishika mkono mpaka Tabora na kunikabidhi mwenyewe. Mama alipiga magoti matopeni, akanisawazisha ukosi, akaniambia maneno ninayoyakumbuka yote: "Utasimama mbele yake kwenye mwanga. Usiinamishe kichwa. Akuone vizuri. Akikuona wewe, ameniona mimi." Kisha akaenda kumwomba sista hili na lile.

Niwaambie sasa nilichokuwa nakifikiri, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Niliogopa ndege, ndiyo. Lakini zaidi niliamini kwamba macho yaliyobaki kidogo ni kama mafuta ya taa yaliyobaki kidogo, kwamba kila anachokitazama mtu yanapungua. Niliwaza mwanamke nisiyemjua akinitazama, akinitazama, mpaka yamalizikie usoni kwangu, na mimi nimesimama peke yangu kwenye mwanga katika nchi ya watu. Nilimwacha Mama akizungumza, nikaingia nyuma ya kibanda lilipokuwa kapu. Nikachukua mkanda mmoja wa karanga, nikaufunga kiunoni kama Mama alivyotufundisha. Gauni langu lilikuwa limeshonwa kubwa ili nilikulie.

Nikarudi, nikapanda mizani.

Mshale ulipita sitini na tatu, ukaenda, ukatulia kwenye sitini na saba. Mama akaniambia nivue viatu, vya kuazima, na sweta. Nikavua. Mshale ukarudi kidogo. Sitini na tano.

"Jumapili alikuwa sitini na moja," Mama alisema. Alionyesha mbao. "Si umeandika mwenyewe?"

Baba alikuwa amesimama karibu nami kuliko mtu yeyote. Alinitazama usoni, kwanza kwa haraka, kisha kwa muda. Macho yake yakashuka mpaka kiunoni, yakarudi kwenye mshale. Nilikuwa nimelishika gauni kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Watoto hukua, Mama Athieno," alisema.

"Kwa siku tano?"

"Sitini na tano," Baba akasoma, kwa sauti ile ile aliyowasomea maofisa. "Imezidi ratili mbili." Akaandika daftarini.

Rubani aliangalia saa, akafunga mlango. Sista alitupungia mkono dirishani. Baba alipunga bendera ya kijani, na ndege ikajivuta kwenye matope, ikanyanyuka mwisho kabisa wa nyasi, mahali ambapo palibaki hatua chache tu kabla ya miti. Hilo nililiona, nikalishika kama udhuru wangu kwa miaka mingi. Walipokuwa wote wanaitazama ikipaa, niliufungua mkanda nikaurudisha kapuni, katikati ya mingine. Nikajiambia hakuna aliyeona.

Ilibaki shida ya Bibi. Tulikuwa tumeagwa, hatukufika, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kisigino. Alifikiri usiku kucha, kisha akaleta neno mpaka ukingo wa uwanja. Twende tuvuke tu mpaka, popote, tukanyage nchi nyingine, tule chakula chake, halafu turudi kama watu waliotoka safari. Basi Jumamosi tulikwenda Malaba, Mama na Okoth kwenye baiskeli ya Baba, Baba na mimi kwa miguu. Tukavuka daraja tukaingia Kenya. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yetu ya nje ya nchi. Tulikaa kwenye mkahawa wenye benchi moja, tukanywa chai, tukatazama Uganda ng'ambo ya mto, ikiwa karibu kiasi kwamba tulisikia jogoo wake.

Mama alifungua kapu. Alipitisha mkono juu ya mifuko, akachagua mmoja, akaufumua uzi kwa meno. Alijaza kiganja karanga akanipa mimi, kabla ya Okoth, kabla ya Baba. Nikala. Akajaza tena. Nilikula mpaka zikanikaukia mdomoni, naye alinitazama nikila, bila hasira, kama mtu anayetaka kuikariri sura ya mtu. Tuliporudi jioni Bibi alitufungulia mlango, akatuuliza habari za safari. Mama akajibu kwamba safari ilikuwa nzuri.

Tulifika Tabora baada ya miaka miwili, kwa meli kutoka Kisumu mpaka Mwanza, kisha kwa reli. Mama Mkubwa alikuwa mwanamke mrefu aliyekaa wima sana. Alimshika Mama uso kwa mikono yote miwili na kukaa hivyo muda mrefu, vidole vikienda na kurudi kwenye nyusi. Walipotulia alitusimulia, bila kumlaumu mtu, jinsi alivyopata ule waya. Alimwomba mumewe ampeleke uwanjani kila siku ndege ilipotazamiwa. Siku ya mwisho jicho lilikuwa limebaki na kitu kama tundu la sindano. Aliiona ndege ikishuka. Aliuona mlango ukifunguka.

"Nikamwona sista mmoja anashuka," alisema. "Nikangoja. Nyuma yake hapakuwa na mtu."

Kisha akaniita, akaweka mikono yake juu ya uso wangu na kumuuliza Mama nikoje. Mama akamwambia nina macho yake. Nilisimama kwenye mwanga wa dirisha na sikuinamisha kichwa. Nilikuwa nafuata maagizo, nimechelewa miaka miwili.

Mama alifariki kabla sijawahi kumwambia. Baba aliishi miaka mingi zaidi, na katika mwaka wake wa mwisho, nilipokuwa namkata kucha barazani Kisoko, nilijikaza nikaanza: ile Ijumaa, ile mizani. Hakuniacha nimalize.

"Ulikuwa sitini na moja," alisema. "Mkanda mmoja ulikuwa ratili nne. Nilishaipima yote Jumanne."

Nikamuuliza kwa nini alisoma alichokisoma. Akasema kwamba yeye alisoma mshale, na mshale haukusema uongo. Aliyesema uongo ni yeye, pale aliposema watoto hukua, na hakuna siku aliyowahi kuisema tena sentensi ile. Aliona naogopa. Aliona pia matope. Hakujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomfunga mdomo, na alikuwa ameshachoka kutafuta.

"Angalau Mama hakujua," nikasema.

Baba alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyebaki nyuma sana njiani.

"Ndege ilipoondoka aliingiza mkono kapuni kuhesabu mifuko," alisema. "Yote ilikuwa baridi. Mmoja ulikuwa na joto."